Salio la nanosekunde: jinsi ya kupanga saa ndani ya chipu

Programu ya upangaji ikimaliza kazi na kukuambia kwamba saketi yako itafika 41 MHz wakati ulitaka 60, wengi hurudi mbio kwenye Verilog, lugha ya kuandikia saketi, na kuanza kuandika upya. Siku mbili hupotea hapo. Kabla ya kugusa mstari wowote, fungua ripoti ya muda uisome mpaka chini. Ndani yake mna hesabu ya nani ana muda wa ziada na nani ana deni, na sehemu kubwa ya kazi ya kuongeza kasi ni kuuhamisha muda kutoka kwa yule kwenda kwa huyu.

Hapa Lubumbashi somo hili tunalipokea kwa Kifaransa darasani na kwa Kiingereza kwenye karatasi za watengenezaji, na katikati ya lugha hizo mbili watu hukariri fomula bila kushika kinachopimwa. Basi nitatumia maneno machache ya kwetu. Flipuflopu ni kisanduku kinachoshika biti moja. Pigo ni ukingo wa saa unaoiamuru flipuflopu isome. Njia ni safari ya data kutoka flipuflopu moja, kupitia lojiki (geti zinazofanya hesabu), hadi flipuflopu inayofuata. Mpishano ni tofauti ya muda kati ya flipuflopu mbili kupokea pigo lilelile. Salio ni kinachobaki baada ya kutoa matumizi yote. Likiwa chini ya sifuri, una deni.

Kila njia ina hesabu mbili

Hesabu ya kwanza ni ya kuchelewa. Pigo likipiga, flipuflopu A inatoa data baada ya muda wake wa ndani, data inapita kwenye lojiki, kisha inatakiwa iwe imetulia kwenye mlango wa flipuflopu B kabla ya pigo linalofuata, tena kwa nafasi kidogo ya kutangulia. Kwa hiyo kipindi cha saa lazima kitoshe kubeba vitu vitatu: muda wa kutoka A, lojiki ndefu kuliko zote, na muda wa kutangulia wa B.

Hesabu ya pili ni ya kuwahi. Pigo lilelile linapoifikia B, B inahitaji data ya zamani ibaki mahali pake kwa kitambo kifupi mpaka iishike vizuri. Data mpya kutoka A ikifika haraka mno, inaikanyaga ile ya zamani kabla haijasomwa. Hapa kinachohesabiwa ni njia fupi kuliko zote, na kipindi cha saa hakimo kabisa kwenye hesabu.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mpangilio wa kazi yote. Ukidaiwa kwenye hesabu ya kwanza, unaweza kupunguza kasi ya saa na chipu ikafanya kazi, polepole lakini kwa usahihi. Ukidaiwa kwenye hesabu ya pili, hata ukishusha saa hadi 1 kHz kosa litabaki palepale. Kwa chipu iliyokwisha kuchomwa kwenye silikoni, hilo ni la kutupa. Ndiyo maana kila ninapomwona mtu anashangilia megahetsi huku ripoti yake ya kuwahi haijafunguliwa, nawaza juu ya pesa zitakazoteketea.

Mpishano si adui

Vitabu vingi vya mwanzo vinafundisha kwamba pigo lifike kila mahali kwa wakati mmoja, na kwamba mpishano ni kasoro ya kufutwa. Kama mahali pa kuanzia, sawa. Lakini tazama mfano huu.

Tuna flipuflopu tatu mfululizo, A, B na C. Muda wa kutoka ni 0.5 ns, wa kutangulia 0.3 ns. Lojiki kati ya A na B inachukua 7.2 ns, kati ya B na C inachukua 3.2 ns. Mpishano ukiwa sifuri, njia ya kwanza inadai 8.0 ns na ya pili inadai 4.0 ns. Saa ni moja kwa wote, kwa hiyo kipindi kitakuwa 8.0 ns, yaani 125 MHz, na njia ya pili itakaa na salio la 4 ns lisilomsaidia mtu.

Sasa ichelewesheni saa ya B peke yake kwa 2.0 ns. Njia ya A hadi B imepata muda zaidi: 8.0 ukitoa 2.0 ni 6.0 ns. Njia ya B hadi C imeanza kwa kuchelewa: 4.0 ukiongeza 2.0 ni 6.0 ns. Kipindi kinashuka hadi 6.0 ns, karibu 167 MHz, na hakuna geti hata moja la lojiki lililobadilishwa. Mwaka 1990 John Fishburn alionyesha kwamba kutafuta ucheleweshaji bora kwa kila flipuflopu ni tatizo la kawaida la hesabu za mstari, ambalo kompyuta hulitatua moja kwa moja. Programu za leo za kujenga mti wa saa, yaani mtandao wa nyaya unaolifikisha pigo kila mahali, bado zinatembea juu ya wazo hilo.

Bei yake inalipwa kwenye hesabu ya pili. B sasa inapokea pigo 2.0 ns baada ya A, maana yake data mpya kutoka A ina 2.0 ns zaidi za kuwahi na kuharibu. Tuseme muda wa kutoka ulio mfupi kabisa ni 0.35 ns na B inataka kushikilia kwa 0.1 ns. Basi njia fupi kuliko zote kati ya A na B lazima iwe na lojiki ya 1.75 ns au zaidi. Kama kuna biti moja inayopita kwenye geti moja tu la 0.9 ns, unadaiwa 0.85 ns hapo, na utalilipa deni hilo kwa kuweka kwenye biti hiyo bafa za kuchelewesha, yaani geti zinazopitisha ishara bila kuibadilisha. Ziweke kwenye tawi fupi peke yake. Ukiziweka kwenye waya ambao njia ndefu nayo inaupitia, umejirudishia tatizo la kwanza.

Namba hizi nimezifanya kubwa ili zionekane. Katika chipu ya nanomita 130 mara nyingi utahamisha pikosekunde 100 hadi 300 tu, kwa sababu ucheleweshaji wenyewe umetengenezwa kwa bafa, na bafa hazikai sawa: zinakimbia chipu ikiwa na baridi na volteji ya juu, zinalegea volteji ikishuka. Mpishano mkubwa ni ahadi kubwa inayotegemea vitu vinavyobadilika.

Kuna pia mpaka ambao hakuna ucheleweshaji unaoweza kuuvuka, nao ni duara. Kama lojiki inatoka B na kurudi B yenyewe, kama kwenye kijumlishi kinachojilisha matokeo yake, kumchelewesha B kunasogeza mwanzo na mwisho pamoja, faida sifuri. Kama duara linapita A, B, C na kurudi A, unachoweza kupata ni wastani wa njia zake tatu, na si chini ya hapo. Ni likelemba, ule mchango wa kupokezana: mama wa kwanza anaweza kuupokea mfuko mapema na wa tano akangoja, lakini mzunguko ukiisha, faranga zilizoingia ni zilezile. Kwa hiyo kabla ya kupoteza muda kwenye mpishano, tafuta duara zito kuliko yote kwenye saketi yako. Gawa jumla ya muda wake kwa idadi ya flipuflopu zilizomo. Kipindi hakishuki chini ya hapo, na kasi inayotokana nacho ndiyo dari yako. Kama dari iko chini ya lengo lako, hapo kweli rudi kwenye Verilog, kata hesabu yenyewe.

Jita, na tofauti kati ya kona moja ya chipu na nyingine

Pigo haliji kwa usawa kamili. Mara linawahi kidogo, mara linachelewa. Hiyo ndiyo jita. Kosa la kawaida ni kuitoa jita yote kwenye hesabu zote mbili. Hesabu ya kuchelewa inahusu mapigo mawili tofauti, kwa hiyo jita ya chanzo inaingia. Hesabu ya kuwahi inahusu pigo lilelile moja kwenye A na B. Kama chanzo kimelichelewesha, kimelichelewesha kwa wote wawili, tofauti inafutika. Kwenye hesabu ya kuwahi weka akiba ndogo kwa ajili ya mambo yanayotokea baada ya matawi kuachana. Ukiweka akiba nono kote, programu itakujazia bafa mamia bila sababu, na bafa hizo zinakula nafasi na umeme.

Vivyo hivyo kwa tofauti za utengenezaji. Tuseme pigo linasafiri 1.2 ns tangu mlango wa chipu hadi kwenye flipuflopu, na unadhani bafa zinaweza kuwa asilimia 5 haraka zaidi au asilimia 5 polepole zaidi. Ukiihesabu safari nzima, A ikiwa upande mmoja na B upande mwingine, unapoteza 0.12 ns. Lakini kama 0.9 ns za safari hiyo wanapita pamoja kwenye bafa zilezile, bafa moja haiwezi kuwa haraka na polepole kwa wakati mmoja. Kinachostahili kutozwa ni 0.3 ns za mwisho tu, yaani 0.03 ns. Hakikisha programu yako ya uchambuzi inaondoa sehemu hiyo ya pamoja. Na unapojenga mti, yaache matawi yaachane karibu na flipuflopu zinazozungumza, si kule juu kwenye shina.

Chanzo kikubwa cha jita kwa wanaotengeneza kadi hapa mjini ni umeme unaoilisha PLL, ile saketi inayotengeneza saa ya kasi kutoka kwa saa ya polepole. Wengi tunatumia betri na inveta, au chaja za simu za bei ndogo ambazo volteji yake ina mawimbi. PLL inageuza mawimbi hayo kuwa kutetemeka kwa saa. Usiichomeke pini ya umeme wa PLL moja kwa moja kwenye laini ya kiini cha chipu. Ipe kichujio chake: rezista ndogo mfululizo, kisha kapasita ya 10 µF na ya 100 nF, zote mbili zikiwa zimebanwa karibu na pini, na nyaya fupi. Ile ya 100 nF ikikaa sentimita 3 mbali, waya wenyewe unageuka koili na kazi ya kapasita inapotea kwenye masafa ya juu.

Halafu kuna hali ya hewa. Usiku wa Juni na Julai Lubumbashi inashuka chini ya nyuzi 10, na mchana wa Oktoba inapita 30. Ndani ya sanduku la chuma juu ya paa inazidi hapo sana. Kwenye chipu za teknolojia kubwa, kama 130 nm kwenye volteji yake ya kawaida, joto linazifanya geti zilegee na baridi inazifanya zikimbie. Kwa hiyo hesabu ya kuchelewa ipimwe kwenye joto la juu na volteji ya chini, na ya kuwahi ipimwe kwenye baridi na volteji ya juu. Kadi inayokosea alfajiri ya Julai na kupona saa nne jua likipanda, mshuku kwanza kuwahi. Kwenye teknolojia ndogo zenye volteji ya chini sana mambo yanaweza kugeuka, geti zikawa polepole zaidi kwenye baridi. Huko unapima pembe zote, yaani kila mchanganyiko wa joto na volteji.

Waya, shaba na kobalti

Kuna jambo linalotugusa sisi wa Katanga moja kwa moja. Ucheleweshaji wa waya ndani ya chipu unatokana na ukinzani wake kuzidishwa na uwezo wake wa kuhifadhi chaji. Vyote viwili vinakua na urefu, kwa hiyo ucheleweshaji unakua kwa mraba. Chukua waya wa mm 1 wenye ukinzani wa ohm 100 na uwezo wa 0.2 pF: ucheleweshaji ni takriban 0.38 mara ukinzani mara uwezo, yaani pikosekunde 7.6. Urefushe uwe mm 4, unapata pikosekunde 122 hivi, mara 16. Ndiyo sababu waya mrefu wa saa unakatwa vipande na kila kipande kinapewa bafa.

Hadi miaka ya 1990 nyaya hizo zilikuwa za alumini, ambayo ukinzani wake ni mikroohm-sentimita 2.65. Shaba ni 1.68. IBM ilitangaza mwaka 1997 kwamba imeweza kuweka shaba ndani ya chipu, na wengine wakafuata. Ugumu ulikuwa kwamba atomu za shaba hupenya na kuiharibu silikoni, hivyo kila waya unavikwa ukuta mwembamba wa tantalamu na nitridi yake. Tantalamu hutoka kwenye koltani, ile inayochimbwa Rubaya kule Masisi, si mbali na Goma. Waya ukizidi kuwa mwembamba, ukuta huo unakula nafasi kubwa na elektroni zinagonga kingo, faida ya shaba inapungua. Intel, katika kizazi chake cha nanomita 10, ikaweka kobalti kwenye tabaka za chini kabisa. Shaba na kobalti, ardhi yetu hii hii. Ninapomweleza mwanafunzi kwa nini saa inachelewa, napenda ajue kwamba kitu anachokihesabu kinatoka chini ya miguu ya watu wa Kolwezi na Likasi, na kwamba hesabu yake nayo inaweza kufanywa hapa.

Kwa saa, programu ipewe kanuni ya pekee: waya wa upana maradufu, nafasi maradufu kutoka kwa majirani, na pale panapowezekana waya wa ardhi kila upande. Jirani anayebadilika wakati huohuo anausukuma au kuuvuta ukingo wa saa, na hiyo ni jita isiyoonekana kwenye PLL.

Umbo la mti ni suala la pesa na umeme. Herufi H ndani ya H inatoa urefu sawa kwa matawi yote, nzuri pale flipuflopu zimetawanyika sawasawa. Wavu wa nyaya uliosukwa juu ya chipu nzima unapunguza mpishano kuliko kitu kingine, lakini unakula umeme kupita kiasi. Alpha 21064, chipu ya kampuni ya DEC, mwaka 1992, ilikuwa na saa ya 200 MHz yenye mzigo wa nanofaradi 3.25 kwenye volti 3.3. Zidisha: 3.25 nF mara 3.3 mraba mara 200 MHz, ni wati 7 kabla ya kuhesabu bafa zinazousukuma mzigo huo. Kwa kazi zetu, mti wa kawaida unaojengwa na programu unatosha.

Kazi yenyewe kwenye FPGA ndogo

Wengi wetu tunaanzia kwenye iCE40, aina ya FPGA, yaani chipu ambayo saketi yake unaipanga mwenyewe, kwa sababu Yosys (inayogeuza Verilog kuwa geti) na nextpnr (inayozipanga geti ndani ya chipu) ni za bure, hazidai leseni, na ukishazipakua zinaendesha kila kitu bila intaneti. Kadi ya iCEstick ina chipu ya HX1K yenye seli 1,280 na osileta ya 12 MHz kwenye pini 21. Kwenye FPGA ya aina hii huwezi kumchelewesha flipuflopu mmoja; mtandao wa saa umekwisha kujengwa. Unachofanya ni kuisogeza lojiki badala ya kuisogeza saa, na hesabu ni ileile: kilichozidi huku kinapelekwa kule.

Anza na PLL. Kwa 60 MHz andika `icepll -i 12 -o 60`. Itakupa DIVR 0, DIVF 79, DIVQ 4. Kagua mwenyewe: 12 mara 80 ni 960, gawanya kwa 2 mara nne, ni 60. Hiyo 960 ni kasi ya osileta ya ndani, na lazima ikae kati ya 533 na 1066 MHz. Saa inayotoka kwenye PLL ipite kwenye mojawapo ya mitandao 8 ya jumla ya chipu. Subiri pia ishara ya LOCK, inayosema PLL imetulia, kabla ya kuiachia riseti, maana kabla ya hapo saa inapanda na kushuka ovyo.

Kisha:

`yosys -p "synth_ice40 -top juu -json kazi.json" kazi.v`

`nextpnr-ice40 --hx1k --package tq144 --json kazi.json --pcf pini.pcf --asc kazi.asc --freq 60`

Kipindi chako ni 16.67 ns. Soma njia mbaya kuliko zote ambayo nextpnr inaichapisha, na utenganishe sehemu mbili: muda uliopotea kwenye lojiki na muda uliopotea kwenye nyaya. Dawa zake hazifanani.

Kama lojiki ndiyo inayokula, angalia minyororo ya kubebea ya vijumlishi. Kwenye HX kila biti inachukua karibu 0.13 ns, kwa hiyo kijumlishi cha biti 32 kinakula kama 4 ns kabla hujahesabu mlango wa kuingia na wa kutoka. Kikate katikati: biti 16 za chini kwenye pigo moja, biti 16 za juu pamoja na kilichobebwa kwenye pigo linalofuata, na ucheleweshe biti za chini kwa flipuflopu 16 ili matokeo yatoke pamoja. Kulinganisha namba kubwa nako ni kutoa kwa siri, kihesabu kinachouliza "je, nimefika 1,000,000?" ni bora kihesabiwe kurudi chini na kuuliza biti ya alama peke yake.

Kama nyaya ndizo zinazokula, tafuta ishara moja inayolisha mamia ya seli, mara nyingi riseti au kiwezeshi (ishara inayoiruhusu flipuflopu ibadilike). Izidishe flipuflopu yake iwe mbili au tatu, kila moja ilishe mtaa wake. Yosys inaweza kuziunganisha tena kwa kuona zinafanana, kwa hiyo ziwekee alama ya `keep`.

Chaguo la `-retime` la `synth_ice40` linaisogeza lojiki kuvuka flipuflopu kwa niaba yako. Lakini flipuflopu zenye riseti na kiwezeshi huizuia Yosys. Njia ya data haihitaji riseti. Iache bila riseti, weka riseti kwenye udhibiti tu, kisha uipe nafasi.

Mbegu ya upangaji, `--seed`, yaani namba inayoanzisha bahati nasibu ya nextpnr, ije mwisho. Endesha mbegu 20, uone ngapi zinapita. Kumi na tano zikipita, saketi ni nzima. Ikipita moja, ile saketi bado ina deni, na badiliko dogo la kesho litakurudisha chini ya mstari.

Sasa kosa ninaloliona kuliko yote: saa iliyotengenezwa kwa lojiki. Mtu anataka 1 MHz, anachukua biti ya kihesabu na kuiandika `posedge` kwenye moduli nyingine. Biti hiyo inasafiri kwenye nyaya za kawaida, inafika kwenye flipuflopu moja mapema na nyingine nanosekunde kadhaa baadaye, na hesabu ya kuwahi inavunjika. Mtengenezaji amehakikisha kuwahi kwenye mtandao wa jumla. Nje ya mtandao huo hakuna aliyekuhakikishia. Dawa ni kubaki na saa moja ya 60 MHz kila mahali, na kuwa na ishara ya kiwezeshi inayowaka kwa pigo moja kati ya 60. Flipuflopu inapokea kila pigo lakini inabadilika pale tu kiwezeshi kinapowaka. Kupitisha saa kwenye geti la NA (AND) ni kosa la ukoo huohuo: geti likifunguka katikati ya pigo, linatoa kipande cha pigo chembamba ambacho baadhi ya flipuflopu zitakiona na nyingine hazitakiona. Ndani ya chipu halisi kuna seli maalumu ya kuzima saa, yenye lachi inayongoja saa iwe chini, tumia hiyo.

Pini za nje, SPI au kigeuzi cha analogi, zitumie flipuflopu zilizo ndani ya pini yenyewe. La sivyo muda wa kutoka utabadilika kila ukipanga upya, na kadi iliyofanya kazi jana itakosea leo bila wewe kubadilisha chochote upande huo.

Ishara inayotoka kwenye saa nyingine isiyohusiana na yako, au kitufe, ipite flipuflopu mbili mfululizo kabla ya kutumiwa. Biti nyingi kwa pamoja usizivushe hivyo. Vusha kwa msimbo wa Gray, ambamo biti moja tu hubadilika kila hatua, au kwa foleni yenye saa mbili.

Kwa wanaopeleka chipu kiwandani

Mchakato wa wazi wa SKY130, wa nanomita 130, ambao nyaya zake bado ni za alumini, unachambuliwa kwa OpenSTA, programu ya kupima muda, ndani ya OpenROAD, programu ya kupanga chipu. Kwa saa ya 10 ns:

`create_clock -name saa -period 10 [get_ports clk]`

`set_clock_uncertainty -setup 0.25 [get_clocks saa]`

`set_clock_uncertainty -hold 0.10 [get_clocks saa]`

Kabla ya mti kujengwa, saa ni ya kufikirika na akiba hiyo inabeba mpishano unaokisiwa. Mti ukishajengwa, andika `set_propagated_clock [all_clocks]` na upunguze akiba ya kuchelewa ibaki jita peke yake. Wanaosahau kuipunguza wanatozwa mpishano mara mbili na kuhangaika na deni lisilokuwepo. Wanaosahau `set_propagated_clock` wana hali mbaya zaidi: ripoti inaonyesha salio safi la kuwahi kwa saa ambayo haipo duniani.

Endesha `report_checks -path_delay max` kwenye pembe ya polepole, `report_checks -path_delay min` kwenye pembe ya haraka, na `report_clock_skew` kwenye zote. Usirekebishe kuwahi kabla ya mti. Mpishano halisi haujazaliwa bado. Rekebisha baada ya mti, kisha tena baada ya nyaya kupangwa, na kila mara rudia kuangalia kuchelewa, kwani bafa zimeongezeka.

Kosa likitokea mezani

Kadi ikitoa matokeo mabaya mara moja moja, shusha saa iwe nusu. Kosa likiondoka, ni kuchelewa. Rudi kwenye njia ndefu. Likibaki, ni kuwahi, au ishara iliyovuka kutoka saa nyingine bila flipuflopu mbili, au riseti iliyoachiwa karibu na pigo. Pasha chipu joto kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika 2, pima. Kisha iache ipoe, pima tena. Kosa linalokuja na joto mara nyingi ni la kuchelewa, linalokuja na baridi mara nyingi ni la kuwahi. Kiini cha iCE40 kinaruhusu volti 1.14 hadi 1.26, ukiwa na kilisho unachoweza kukirekebisha, jaribu ncha zote mbili. Lisilojali kasi, joto wala volteji, na linatokea mara moja tu baada ya masaa kadhaa, karibu kila mara ni la kuvuka kati ya saa mbili: tafuta kwenye Verilog kila `always` yenye saa tofauti, uifuate kila waya inayotoka kwenye moja kuingia nyingine, moja baada ya nyingine, ukiandika kwenye karatasi.